Tulifika alama 41 kwenye orodha ya rushwa duniani ya 2024, mbona mtaani siioni hiyo nafuu?

#1 Mlinzi wa Geti

Wakuu, salaam.

Niko Denmark mwaka wa sita huu. Juzi kazini, muda wa kula, mwenzangu alifungua ile ramani ya rushwa ya Transparency International kwenye simu. Wao 2024 walipata 90 kati ya 100, wa kwanza duniani kwa usafi. Akaburuta kidole mpaka Afrika, akanitafutia Tanzania: 41. Akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba tunapanda, hongera. Sikujua nifurahi au nijifiche, nikaendelea kutafuna mkate wangu.

Usiku nikakaa na namba. 2015 tulikuwa na 30. 2020 tukapata 38. 2023 tukagonga 40, na ya 2024 ndiyo hiyo 41, nafasi ya 82. Kenya 32, Uganda 26, Burundi 17. Halafu Juni 2025 tukatolewa kwenye orodha ya kijivu ya utakatishaji fedha, ile tuliyoingizwa Oktoba 2022. Kwenye makaratasi tunameremeta.

Sasa kisa. Nina kiwanja, kaka yangu ndiye anafuatilia hati. Jumatatu kanipigia: mpima anasema gari halina mafuta, inatakiwa 150,000. Wiki ya nyuma yake ilikuwa wino wa kuchapia ramani umekwisha. Kilichonichoma ni sauti ya kaka. Hakulalamika. Aliitaja kama anavyonitajia bei ya nyanya.

Nauliza: anayedanganywa ni nani, mimi au yule anayetupa 41?

#2 Siti ya Mbele

Nimetandika mkeka. Wenye data waje.

#3 Lori Halirudi Nyuma

Data ninayo ya barabarani tu mkuu. Naendesha njia ya Tunduma mwaka wa kumi na nne.

Zamani unakunja elfu tano ndani ya leseni, unampa, leseni inarudi nyepesi. Hakuna aliyesema neno. Siku hizi mambo ni ya kidijitali. Anakuonyesha dada mwenye mwavuli wa kutoa na kuweka pesa, ng'ambo ya barabara. "Nenda kwa yule, mwambie nimekutuma." Dada anakupa namba, unarusha elfu kumi. Na lazima uweke na ya kutolea. Mwezi wa tatu nilisahau ya kutolea, afande akanishusha kwenye lori tayari nimeshawasha injini, nikavuka barabara tena kwenda kuongeza.

Kosa lenyewe kioo cha pembeni kina ufa. Faini halali ilikuwa 30,000 kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Kwa hiyo mimi nimeokoa elfu ishirini, yeye kapata kumi, dada kapata kamisheni. Aliyeumia hapo hakuwepo eneo la tukio.

#4 Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Eti na ya kutolea 😂😂 Nchi hii hata rushwa ina makato.

#5 Karani Mstaafu

Mleta mada, unapima maji kwa futikamba. Ile alama si kura ya wananchi. Ni wastani wa tathmini za wataalamu na wafanyabiashara kutoka vyanzo 13, na nchi haiingizwi mpaka ipatikane kwenye vyanzo visivyopungua 3. Inahusu sekta ya umma tu. Elfu kumi ya dereva wetu hapo juu haimo, wala mafuta ya mpima wako hayamo, labda mtaalamu awe na kiwanja jirani na chako.

Upo utafiti mwingine wa taasisi hiyohiyo unaowauliza wananchi wenyewe. Wa 2019 kwa Afrika, katika waliotumia huduma za umma Tanzania, 18 kati ya 100 walisema wametoa chochote. Kenya walikuwa 45. Huo ndio ungemwonyesha rafiki yako.

Na kwa faida ya wengine, msilinganishe na miaka ya kabla ya 2012, kipimo kilibadilishwa. Zamani kilikuwa cha 0 hadi 10.

#6 Chuma cha Reli

Karani umeeleza vizuri lakini umekwepa jina. Kutoka 30 mwaka 2015 kupanda karibu alama kumi, nani alikuwa Ikulu? Magufuli. Majipu yalitumbuliwa. Makontena yaliyopita bandarini bila ushuru yakafukuliwa. Watumishi hewa wakafutwa kwa maelfu, vyeti feki 9,932 vikatangazwa siku moja. Ikaundwa na divisheni ya Mahakama Kuu ya rushwa na uhujumu uchumi, 2016. Mtu ukienda ofisi ya umma saa mbili asubuhi unamkuta mtumishi kakaa, kachomekea, anakuita mheshimiwa. Hofu ilikuwa dawa. Tusizunguke.

#7 Wakili wa Mchongo

@Chuma cha Reli hebu soma hizo namba zako taratibu. 2012 tulikuwa na 35, 2013 tukashuka 33, 2014 ikawa 31, 2015 ndiyo 30. Miaka hiyo ya kushuka kulikuwa na nini? Kashfa ya Escrow, hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow Benki Kuu. Bunge la Novemba 2014 lilioneshwa mubashara, watu tulijazana kwenye vibanda vya luninga kama fainali, Kamati ya Bunge ya hesabu za serikali (PAC) chini ya Zitto inasoma nani kapewa ngapi. Wahisani wakazuia misaada ya bajeti. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa na mwingine akafuata mwezi uliofuata.

Kwa hiyo tulipoanika uchafu, alama zikashuka. Januari 2016 matangazo ya Bunge mubashara yakakatwa. 2017 tukajitoa kwenye mpango wa uwazi wa serikali. Alama zikapanda. Mende huwaoni ukizima taa.

Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali (CAG) Assad alisema tofauti ya trilioni 1.5, yaliyompata unayajua. Novemba 2019 akaondolewa, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake hakukufuata Katiba. Miaka mitatu baadaye, mtu ameshazoea kuishi nyumbani.

#8 Chuma cha Reli

Assad hakusema trilioni 1.5 imeibwa. Alionyesha makusanyo 25.3 na matumizi 23.79, waliobaki wakaongeza chumvi wenyewe. Wewe wakili unajua tofauti ya hoja ya ukaguzi na wizi, unajitoa tu ufahamu.

#9 Wakili wa Mchongo

Najua. Na niliandika "tofauti". Rudi juu usome.

#10 Nairobi Siendi Mbali

Hamjambo watani. Hiyo hoja ya mende ni tamu lakini haiuziki huku kwetu. Kenya taa hazijazimwa hata siku moja. Kashfa ya Goldenberg tuliijadili mpaka watoto wakaijua, Anglo Leasing pia, NYS mara mbili. Juni 2024 vijana waliingia mpaka bungeni. Na bado tulitoka 25 mwaka 2015 hadi 32 mwaka 2024. Kelele haijatushusha. Basi sababu yenu itafuteni kwingine.

Ila nikubali, kitu kidogo huku bado kinaitwa kitu kidogo hata kikiwa kikubwa.

#11 Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Karibu mtani. Elezea basi ile ya kuku.

#12 Nairobi Siendi Mbali

Haha, mnapenda kutuchimba. Kampuni ya Uingereza ya kuchapisha karatasi za kura na mitihani ilikuwa inawapa maofisa hongo, kwenye barua wakaita "kuku". Mahakama ya London ikawatia hatiani. Fedha zilizorudi zikanunuliwa ambulensi, 2017. Kwa hiyo kuna wagonjwa Kenya wamekimbizwa hospitali na kuku. Waliokula kuku wenyewe waulizeni wao wako wapi.

#13 Mbeya Mjini Kati

Vijana shikamooni kwa wale mnaojua kuamkia. Tatizo lenu mnaanzia 2012. Mimi nilikuwapo Mbeya Mei Mosi 1995 Mwalimu Nyerere alipozungumza. Alisimulia kwamba mwanzoni mwa uhuru mla rushwa alikuwa akihukumiwa jela na viboko: kumi na viwili siku ya kuingia, kumi na viwili siku ya kutoka akamwonyeshe mkewe. Uwanja mzima ulicheka. Tulikuwa na kiapo cha chama, "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Mtu alikisema macho makavu na akakitekeleza. Leo anakisema hivyohivyo, macho makavu.

#14 Karani Mstaafu

Marahaba sitaitikia mzee wangu maana nadhani umri tunalingana. Nyongeza tu: ni Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963, na ile ya 1972 ikaondoa viboko. Na kama rushwa ilikuwa haipo, kikosi cha kupambana na rushwa cha 1975 kilianzishwa kupambana na nini? Tume ya Warioba ya 1996 ya kuchunguza rushwa haikushuka kutoka mbinguni.

#15 Mbeya Mjini Kati

Ilikuwapo. Ilikuwa inaona aibu.

#16 Mama Kisamvu

Jamani na mimi niulize nisije nikawa mhalifu bila kujua. Nina mgahawa mdogo. Kila mwezi anakuja bwana afya kukagua. Anakuja Ijumaa, saa saba kasorobo, pilau linashuka jikoni. Sijawahi kumwona Jumatatu ya maharage. Anaangalia sinki, anaangalia vyeti vya wasichana, anakaa. Nampakulia. Akiondoka nampa na ya kupeleka kwa watoto, kwenye hotipoti yake. Ndiyo, anakuja na hotipoti yake, ya bluu, mfuniko una ufa kaufunga kwa raba.

Hajawahi kuniomba hata shilingi. Hajawahi kunifungia pia. Hiyo ni rushwa au ni ukarimu?

#17 Wakili wa Mchongo

Mama, siku usipompakulia itakuwaje?

#18 Mama Kisamvu

Sijawahi kujaribu.

#19 Siti ya Mbele

Huo uzi ufungwe hapo hapo, jibu limeshapatikana 😂 Mama mgahawa uko wapi lakini? Ijumaa nije na hotipoti.

#20 Nyumba ya Jirani

Swali la Mama Kisamvu taifa zima lilishindwa. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa 2000 ikaruhusu takrima, kwamba mgombea kuwakirimu wapiga kura ni mila zetu. Ikachukua mpaka Aprili 2006 Mahakama Kuu kusema takrima ni rushwa iliyovaa kanzu. Maneno ya kanzu ni yangu, hukumu ni yao. Kura za maoni za chama zikikaribia, pitieni nyumba za wajumbe wanaozipiga muone vitenge vinavyopiga hodi. Nao wajumbe watakula vya wote, watampa mmoja. Wajumbe si watu.

Ndiyo maana sikubaliani na kuwatupia lawama wakubwa peke yao. Sisi tunawafundisha wakiwa wadogo.

#21 London Mvua Tupu

Nimesoma wote, hakuna aliyegusa nusu ya pili ya swali: nje wanatuonaje.

Mwaka 2002 tulinunua rada ya kijeshi Uingereza kwa pauni milioni 28, nchi ambayo ilikuwa imetoka kuomba kusamehewa madeni. Dola milioni 12 na ushee zikapita kwa dalali. Kesi ikaishia London 2010, BAE wakapigwa faini ya pauni milioni 30. Halafu benki: serikali ilikopa dola milioni 600 mwaka 2013, dola milioni 6 zikaenda kwa kampuni ndogo ya Dar, zikachotwa taslimu ndani ya siku chache. Waliopiga kengele ni wafanyakazi wa benki palepale Dar. Hukumu ikatolewa London, 2015.

Mnaona mchoro? Anayetoa ni wao, anayepokea ni sisi, anayehukumu ni wao, na ramani wanapaka wao. Sisi wekundu, wao njano. Mleta mada mwambie huyo rafiki yako akuelezee kuhusu Danske Bank, tawi la Estonia, zaidi ya yuro bilioni 200 za kutiliwa shaka zilipita kati ya 2007 na 2015. Bado 2024 walipata 90. Kwa sababu benki binafsi haihesabiwi.

#22 Karani Mstaafu

Hoja nzuri, marekebisho mawili. Faini ya mahakama kwa BAE ilikuwa pauni 500,000 tu. Zile 29.5 milioni walikubali kuzitoa kwa faida ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Pili, hawakukiri rushwa. Walikiri kutotunza kumbukumbu za hesabu inavyotakiwa. Na ile ya benki 2015 haikuwa hukumu ya hatia, yalikuwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza Uingereza.

#23 London Mvua Tupu

Nimepokea. Ila angalia, kutoa dola milioni 12 kwa dalali kwao ni kosa la uhasibu. Mpima wa mleta mada naye hana hatia basi, hajaandika tu mafuta vizuri.

#24 Mlinzi wa Geti

@London nilimuuliza kweli leo asubuhi. Akasema Danske ni aibu yao kubwa, na mkurugenzi aliondoka. Halafu akaniuliza, "Kwenu aliyechukua za rada alifungwa miaka mingapi?" Nikarudi kwenye mkate.

#25 Bi Mkubwa wa Chang'ombe

Ungemtajia "vijisenti", kama waziri Chenge alivyoziita hela zake za benki ya nje.

#26 Faili Limelala

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha tangu 2009 na sikubaliani na Chuma wala Wakili. Si hofu, si giza. Ni kontroo namba.

Kabla yake, ofisi niliyokuwa napeleka malipo ilikuwa na vitabu viwili vya stakabadhi. Kimoja kiko mezani, kingine kwenye droo ya chini kushoto. Ukipewa cha droo bei inapungua, mhuri ni uleule. Hata mkao wa karani unabadilika akikifungua, anainama kama anatafuta kiatu. Mfumo wa malipo ya serikali ulipoanza 2017, kile kitabu cha droo kikafa. Nilimwona karani yuleyule mwezi wa kwanza, amekaa na mikono mitupu juu ya meza, hajui aiweke wapi. Hakutishwa na mtu. Pesa zilikuwa hazipiti kwake tena.

Ila rushwa haikufa, ilihama. Zamani ulikuwa unalipia kupunguziwa, sasa unalipia kuharakishiwa. Faili lako linalala. Mtandao uko chini. Anayeidhinisha yuko semina Dodoma. Ukimpata wa kuliamsha, mtandao unapanda na semina inaisha. Kwa hiyo mtaalamu wa nje akiangalia mapato anaona yamepanda, anatoa alama. Wewe ukiangalia siku zako, huoni nafuu. Wote wawili mko sahihi kwa sehemu yenu.

#27 Lori Halirudi Nyuma

Huyu anajua. Hata mizani ni hivyo.

#28 Nyumba ya Jirani

Na manunuzi je? Mfumo mpya wa NeST wa 2023 kila tenda iko wazi mtandaoni, lakini nimeona masharti yaliyoandikwa mpaka rangi ya gari la mzabuni. Hapo umeweka shindano wazi la mtu mmoja.

#29 Mwalimu wa Zamu

Mnazunguka sana. Lipeni watu mishahara inayofika mwisho wa mwezi. Mpima hana mafuta kwa sababu kweli ofisi haina mafuta! Nimefundisha miaka 11, chaki nimenunua kwa hela yangu. Mwingine angeiomba kwa mzazi.

#30 Wakili wa Mchongo

Mwalimu nakuheshimu, lakini waliogawana Escrow walikuwa na njaa gani? Kuna kiongozi alichota milioni 10 akasema ni hela ya mboga. Mshahara gani utashindana na mboga hiyo?

#31 Mwalimu wa Zamu

Hao si wapima. Mnachanganya mwizi na mtu aliyekwama. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

#32 Mwana Lubumbashi

Bandugu, mimi nasoma tu na kucheka. Sisi Kongo 2024 tulikuwa na 20. Huku tunaita matabishi, na mtu anakuomba waziwazi, bila mwavuli, bila semina. Mkifika 41 mnalia? Mtupatie hiyo 41 tuitumie hata mwaka moja.

#33 Lori Halirudi Nyuma

Ndugu yangu nakujua njia yenu. Nikivuka Kasumbalesa naweka bajeti ya pili kwenye soksi.

#34 Chuma cha Reli

Rwanda wana ngapi? Wa kwanza Afrika, si ndiyo? Wamefikaje? Hofu. Nimemaliza.

#35 Karani Mstaafu

Hujamaliza. Wa kwanza Afrika 2024 alikuwa Ushelisheli, 72. Kisha Cape Verde 62. Rwanda alikuwa na 57, sawa na Botswana. Na Botswana haikufika hapo kwa kutishana.

#36 Chuma cha Reli

Karani wewe uliajiriwa na hiyo taasisi?

#37 Karani Mstaafu

Nimestaafu, nina muda.

#38 Mlinzi wa Geti

Wakuu shukrani, nimejifunza mengi. Mrejesho.

Nilimwambia kaka asitoe, apige 113 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa. Akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Wino nilishautoa. Nikipiga simu na mimi si mtoaji?" Nikatazama sheria ya 2007, kweli mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Kaka akasema wewe uko Ulaya, anayekutana na mpima sokoni ni mimi.

Jana ikabidi nitume 150,000. Leo asubuhi mpima kafika saa moja na nusu, na ndoo ya saruji na vijana wawili wa kubeba vigingi. Kaka anasema kazi kaifanya vizuri sana, kapima mara mbili, kona moja ilikuwa imeingia kwa jirani karibu hatua tatu akairekebisha bila kuambiwa. Amekataa hata soda. Alikuja kwa bodaboda.

#39 Siti ya Mbele

Na yale mafuta ya gari?

#40 Mlinzi wa Geti

Hata mimi nilimuuliza kaka hivyo. Akasema nisianze.

#41 Lori Halirudi Nyuma

Ulipotuma, uliweka na ya kutolea?

#42 Mlinzi wa Geti

Niliweka.